Msichana wa Ukurasa wa 176

Jumanne saa nane mchana umeme ulikatika Barabara ya Nasser, na wanaume wanne waliokuja kuichukua mashine ya zamani ya kukatia karatasi wakaona huo ndio wakati mzuri wa kuanza, maana kiwanda kizima cha uchapaji kilikuwa kimenyamaza na hakuna aliyekuwa na haraka. Waliisukuma, wakaitukana kidogo, wakainyanyua. Chini ya mguu wake wa nyuma palikuwa na kitabu. Kilikuwa kimekaa pale miaka kumi na tisa ili mashine isiyumbe, na kazi hiyo kilikuwa kimeifanya vizuri.

"Mama, hii ni ya kutupa?" mmoja akauliza.

"Lete hapa," Nangila akasema.

Alikifuta vumbi kwa upindo wa leso yake. Mguu wa mashine ulikuwa umeacha duara lililozama katikati ya jalada, lakini jina lilisomeka: Aliyeazima Mvua. Chini yake, kwa herufi ndogo: Hadithi kwa Vijana. Chini zaidi: Rukiah Abdul-Karim. Nangila alikuwa na miaka arobaini na tisa na hakuwa kijana, ila umeme haukuonyesha dalili ya kurudi, na chai yake alikuwa amekwisha kuinywa. Akafungua ukurasa wa kwanza.

Inafaa kueleza kwamba Nangila hakuwa amewahi kusoma kitabu hata kimoja alichokishona. Kiwandani, karatasi kubwa huchapwa pande zote mbili, ikakunjwa na kukunjwa tena mpaka ikawa kurasa kumi na sita, na hiyo ndiyo wanayoiita mkunjo. Kila mkunjo una herufi ndogo chini ya ukurasa wake wa kwanza: A, B, C, na kuendelea. Mshonaji huzipanga herufi, hushona, hutia gundi, basi. Makokha, marehemu sasa, aliyemfundisha kazi, alimwambia siku ya kwanza kwamba mshonaji anayesoma humaliza vitabu vinne kwa siku na asiyesoma humaliza arobaini. Nangila akazoea kutazama chini ya ukurasa tu. Mikononi mwake vilikuwa vimepita vitabu vya sala, vya hesabu, vya sheria na vya mapenzi, naye hakujua hata mmoja katika hao wapenzi aliishia wapi.

Na hiki cha Rukiah alikuwa na sababu ya ziada ya kutokisoma. Kilipochapwa, yeye alikuwa na miezi saba tu mjini, ametoka Bungoma na mfuko mmoja wa nguo. Wiki ile mezani pake palikuwa na kazi mbili za Kiswahili, hadithi hii na mwongozo wa ufugaji wa kuku, zote za ukubwa mmoja, karatasi ile ile, kila moja mikunjo kumi na miwili, A mpaka L. Alizishona zote mbili kwa siku chache na bosi akamsifu. Mwezi uliofuata Rukiah mwenyewe, mwalimu Mnubi, alipanda ngazi za kiwanda akiwa amekumbatia boksi. Alisema kwa sauti ya chini kwamba kitabu chake kinaishia kwenye kuku. Shule yake ilikuwa imealika wazazi, na mkuu wa shule, kwa vile wakubwa hupenda kuanzia mwisho, akafungua kurasa za mwisho na kuwasomea wageni. Wageni walicheka mpaka wakafuta machozi. Watoto walianza kumwita Mwalimu Kuku siku hiyo hiyo.

Bosi, mzee Ssebbowa, alimsikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Mwalimu, sisi tunachapisha kile tunachopewa."

Rukiah akakubali. Maandishi yake alikuwa ameyapiga kwenye duka la kompyuta Wandegeya, ambako watu wa kila aina walipiga mambo ya kila aina, akadhani kosa ni lake, kwamba alibeba kurasa za mwingine. Aliomba radhi kwa usumbufu. Alipoteremka, kitabu kimoja kilianguka kutoka kwenye boksi, na bosi, ambaye hakupenda kitu kipotee bure, akakitia chini ya mashine. Nangila alikuwa hatua tatu kutoka pale, vidole vimeganda gundi, akiyakumbuka marundo mawili ya L yaliyokaa jirani mezani. Angeweza kuinama na kukifungua kitabu akajua. Hakuinama, kwa sababu alikuwa na kazi na alitaka kuendelea kuwa nayo.

Sasa alikisoma mpaka saa kumi na moja, na umeme uliporudi hakuusikia. Alikisoma Jumatano wakati wa chakula, na Alhamisi akiwa amepandisha miguu kitandani, kwa sababu mvua kubwa ilinyesha Bwaise na mfereji ukaingia ndani ya vyumba kama kawaida yake. Hadithi ilikuwa ya Sumayiya, msichana wa miaka kumi na mitano, wa mji ambao haukuwa umeona mvua miaka minne. Wakubwa wa mji walifanya vikao. Sumayiya alichoka na vikao, akachukua sinia la bibi yake na kawa la kulifunikia, akaenda nyumbani kwa Bwana Mvua kuazima. Akapewa, kwa sharti kwamba mji ukishashiba aikusanye na kuirudisha yote kabla ya mwisho wa mwaka. Nangila alicheka peke yake. Ijumaa alilia kidogo pia, pale bibi alipokufa na Sumayiya akalazimika kuendelea na safari bila kumzika.

Yeye mwenyewe alitolewa shule akiwa na miaka hiyo hiyo kumi na mitano, akawe mlezi wa wadogo zake, na hakuna aliyemwambia kwamba msichana wa umri huo anaweza kuinuka akaenda kuomba kitu kwa mwenyewe. Kusikia hivyo sasa, na mvi kichwani, hakukumuumiza kama alivyotarajia. Alishukuru. Alishukuru sana, na kwa kuwa hakujua pa kuzipeleka shukrani hizo, akawa anakipapasa kitabu mgongoni kila alipokifunga.

Jumamosi alasiri, mlangoni kwake, alifika ukurasa wa mia na sabini na sita. Nyumba ya Bwana Mvua ilikuwa na ngazi ndefu, na Sumayiya alikuwa amepanda vipandio vyote isipokuwa cha mwisho, sinia mikononi. Akainua mguu wa kulia. Nangila akafunua. Ukurasa wa mia na sabini na saba ulianza hivi: "na chanjo ya kideri hutolewa kwa tone moja jichoni, na kuku akikohoa mtenge na wenzake."

Chini yake kulikuwa na herufi L. Nangila alisoma sentensi ile mara mbili. Akasoma pia kuhusu kuhara, kuhusu taa ya vifaranga na kuhusu maranda. Alipoinua macho, Sumayiya alikuwa amesimama mbele ya mlango kwa mguu mmoja, ameshika sinia lililofunikwa kawa la rangi nne.

"Shikamoo," akasema.

"Marahaba," Nangila akajibu. "Karibu. Angalia hapo kwenye mfereji."

"Nimekuja kuulizia kipandio cha mwisho. Nimeinua mguu huu miaka kumi na tisa na sina pa kuuweka."

Nangila akampa kigoda. Sumayiya akakaa, mguu wa kulia ukabaki hewani, umekunjwa kidogo gotini. Kutoka chini ya kawa mvua ilikuwa ikidondoka matone machache kila mara, ikalowesha mkeka. Jirani yake Akech, ambaye alikuwa akianua nguo, alichungulia.

"Nangila, huyu mgeni wako iko na mvua ndani ya nyumba," akasema. "Banange, jamani, sisi hapa maji inatosha."

"Ni ya kuazima," Nangila akasema. "Anairudisha."

"Kale, haya. Arudishe mbio." Akech akaenda na nguo zake, kisha akarudi na ndoo ya kukingia.

Nangila aliona njia mbili. Moja ilielekea kwa Rukiah, ambaye kila mtu aliyefanya kazi Barabara ya Nasser alijua kwamba aliacha ualimu na sasa anasuka makawa na kuyauza sokoni Bukoto. Njia hiyo hakuipenda. Nyingine aliipata kwenye ukurasa wa mwisho kabisa wa kile kitabu, palipoandikwa: "Kwa maelezo zaidi mwone Obura, katibu wa wafugaji, Luzira, nyuma ya kisima cha kanisa." Kama kurasa za Obura ziliingia kwenye kitabu cha Rukiah, za Rukiah zilikuwa kwa Obura. Angezipata, angezishona mahali pake, msichana angeweka mguu chini, na mwalimu asingehitaji kusumbuliwa. Alilala akiwa ameridhika na mpango huo, ingawa hakulala vizuri.

Jumapili walipanda bodaboda, Sumayiya amekaa ubavu, sinia mapajani. Mwenye bodaboda aliomba tu kwamba mvua isimwagikie kwenye injini. Luzira walimkuta Obura, Mjaluo mrefu wa miaka sitini aliyekuja kupakua mizigo bandarini ujanani na akabaki. Alikuwa amesimama juu ya ngazi ya mbao katikati ya banda la kuku, sinia la maji mikononi, akisema kwa sauti ya mtu anayesoma matangazo: "Mvua, nimekurudisha kama nilivyokupokea. Asante kwa kila tone." Kuku mia mbili walikuwa wamemkalia kimya. Aliposhuka, wote wakaingia kwenye viota na kuanza kutaga.

"Karibu, dada," akasema. "Nilikuwa namaliza ya asubuhi."

"Hiyo ni nini, mzee?"

"Ni kitabu. Kitabu ilisema hivyo, na mimi nikafuata." Aliingia ndani akatoka na mwongozo uliokwisha pembe zote. Kurasa zake kumi na sita za mwisho zilikuwa zimebadilika rangi kwa kushikwashikwa. "Hapa mbele ni chakula na banda. Huku nyuma sasa wameweka mfano, vile vitabu vya wakubwa huweka. Kuna msichana anapanda ngazi, anarudisha mvua, anashukuru. Wenzangu walicheka, wakapasua hizo karatasi wakafungia mandazi. Mimi nikasema, kama wataalamu wameandika, wanajua sababu. Miaka kumi na tisa sijazika kuku ya kideri hata moja. Namshukuru sana aliyeandika. Kila siku namshukuru."

Akamwona Sumayiya, na mguu wake, na sinia lake.

"Wewe ndio yule mfugaji wa mfano?"

"Sijawahi kufuga kuku," Sumayiya akasema.

"Haidhuru," Obura akasema, akampa mkono.

Nangila akamweleza kosa lilivyotokea, marundo mawili, herufi moja. Kwa Obura haikuwa vigumu kusema. Alicheka, kisha akawa anaupapasa ule mwongozo, kwa maana nakala nyingine za kurasa zile hazikuwepo popote duniani.

"Chukua," akasema mwishowe. "Mimi najua yote kwa kichwa. Lakini na mimi niambieni kitu. Hii sinia alitoa wapi? Hiyo imenisumbua miaka yote."

Sumayiya akamsimulia mwanzo: mji mkavu, vikao vya wakubwa, bibi na sinia. Obura alisikiliza akiwa ameshika kofia yake kifuani. Ilipofika habari ya kifo cha bibi, alitoka nje akapenga kamasi, akarudi. Wakati huo Nangila alikuwa amefungua mfuko wake, ametoa sindano, uzi na wembe, akafumua vitabu vyote viwili migongoni. Akatoa L hii akaweka hapa, akatoa L ile akaweka kule. Alishona polepole, huku akisoma kila mstari kabla ya kutoboa. Alipomaliza, Obura alipokea mwongozo wake, akafungua mwisho, akasoma kidogo, uso ukiwa makini.

"Kumbe kuna chanjo," akasema, akautia mwongozo kwapani.

Nangila akamgeukia Sumayiya na kitabu kamili. Ukurasa wa mia na sabini na sita sasa ulifuatwa na wa mia na sabini na saba, na kipandio cha mwisho kilikuwa pale, kimeandikwa. Sumayiya akajaribu kuuteremsha mguu. Ukakataa.

"Mshono ni mzuri," Sumayiya akasema kwa upole. "Lakini aliyeniandika bado anadhani aliyekosea ni yeye."

"Wewe umejuaje?"

"Vitabu vilivyorudishwa viko chini ya kitanda chake. Nimo humo, zaidi ya mia tatu. Mtu husikia."

Nangila akakunja uzi uliobaki, akaurudisha mfukoni. Alisema kwamba kesho ni Jumatatu na ana kazi. Sumayiya akaliweka sawa kawa lake, na Obura akajifanya anatafuta mayai.

Jumatatu Nangila alituma ujumbe kiwandani kwamba ana mgeni, na hilo lilikuwa kweli. Sokoni Bukoto walimkuta Rukiah nyuma ya meza yake, kati ya muuza nyanya na muuza mkaa, amekaa juu ya mkeka na kawa lililosukwa nusu magotini. Alikuwa amezeeka, lakini mgongo ulikuwa bado wa mwalimu. Alimtazama Sumayiya kwa muda mrefu, kuanzia kichwani mpaka kwenye mguu ulioinuliwa.

"Umekonda," akasema.

"Ndivyo ulivyoniandika, mama," Sumayiya akasema.

"Kweli. Ulikuwa mwaka wa njaa." Akasogeza mkeka. "Kaa. Na huyu dada ni nani?"

Nangila alikuwa ameandaa maneno mengi njiani, ya kuzunguka na ya kupoza. Yalimpotea yote. "Mimi ni Nangila, mwalimu. Mshonaji. Kitabu chako ni mimi nilikishona. Marundo yalikuwa mawili mezani, nikachukua L ya kuku nikaitia kwako, na ya kwako nikaitia kwa kuku. Maandishi yako hayakuwa na kosa. Hayakuwa na kosa hata kidogo. Mwisho wako ulichapwa kama ulivyouandika. Mtu wa Luzira amekuwa akiusoma kila siku."

Rukiah aliendelea kusuka. Alimaliza safu nzima, akabana ncha kwa kidole gumba. Muuza mkaa alikuwa ameacha kupima.

"Ulijua siku ile?"

"Nilishuku. Sikufungua kitabu ili nisijue."

"Nilikuwa nasahihisha mitihani ya watoto mara nne nne," Rukiah akasema, kama anayemwambia kawa. "Niliogopa macho yangu. Nikiandika barua nampa jirani aisome kwanza. Nikisahau chumvi, nasema, si ndiye huyu huyu, yule wa kuku. Marehemu mume wangu alinunua daftari nene akaniambia andika kingine. Nilimwambia mtu asiyejua karatasi zake mwenyewe aandike nini?" Akamtazama Nangila usoni. "Kwa hiyo haikuwa mimi."

"Haikuwa wewe, mwalimu. Ilikuwa mimi."

Rukiah akavuta pumzi, akaitoa, akavuta nyingine ndefu zaidi, mabega yakashuka.

"Alhamdulillahi," akasema. "Asante kwa kuja. Usidhani nimesamehe. Hasira nitaianza kesho, na itakuwa nyingi, wewe jiandae. Leo acha nishukuru kwanza." Akasimama akajifunga kanga yake vizuri. "Sasa twende kwa bosi wako."

Mzee Ssebbowa siku hizi alitembea na mkongojo, lakini tai alikuwa bado akiifunga. Aliwapokea kwa adabu zote, akamwita Rukiah nnyabo, yaani bibi mheshimiwa, akaagiza viti vitatu. Mhudumu wa mapokezi, alipoona kawa linadondosha, alileta beseni bila kuulizwa. Rukiah akaweka kitabu mezani. Nangila akasimulia tena, safari hii mbele ya mtu aliyemlipa mshahara miaka ishirini, akaonyesha herufi L, akaonyesha matobo ya uzi wa zamani na ya uzi mpya. Sumayiya alisema kwamba yeye ni shahidi, kwa sababu alikuwemo.

Bosi alisikiliza mpaka mwisho. Alivaa miwani, akakitazama kitabu mgongoni, akasifu mshono. Rukiah akasema anachotaka ni barua moja tu, ya mistari miwili, iseme kosa lilikuwa la kiwanda, akaipeleke kule shuleni ikabandikwe.

"Mwalimu," mzee Ssebbowa akasema, "sisi tunachapisha kile tunachopewa."

Aliisema kwa sauti ile ile ya miaka kumi na tisa iliyopita, wala hakuna ubaya ulioonekana usoni mwake. Akawauliza kama watakunywa chai. Walipokataa, alimkumbusha Nangila kwamba kesho kuna kazi ya vitabu vya kwaya na aanze mapema. Mhudumu wa mapokezi akamwaga beseni nje ya dirisha. Watu wa chini barabarani wakakunjua miavuli, wakatembea hatua mbili, wakaikunja.

Walirudi Bukoto, saa tisa jua likiwa kali. Muuza nyanya alikuwa amewalindia meza. Rukiah akakaa mkekani, akavaa miwani, akafungua ukurasa wa mia na sabini na saba. Maneno yale hakuwa ameyaona tangu alipoyaandika. Sumayiya akasimama mbele yake. Wanawake wa soko walisogea, waliokuwa na wateja wakawaambia wateja wasubiri. Muuza mkaa aliomba sinia lielekezwe upande wa pili, nalo likaelekezwa.

Rukiah akasoma. Mwanzoni alisoma kwa woga, akitazama kila neno kabla ya kulitoa, halafu akazoea, na sauti ya darasani ikamrudia. Sumayiya akaweka mguu kwenye kipandio cha mwisho. Hapo sokoni mguu wake ukashuka, ukakanyaga mkeka, na goti likalia. Akasimama kwa miguu miwili. Mtu mmoja nyuma akasema, "Oh, amepumzika," na wengine wakakubali kwamba ni kweli.

Bwana Mvua akatoka mlangoni mwake. "Nani amekuchelewesha?" Rukiah akasoma.

Kitabuni, jibu la Sumayiya lilikuwa kwamba njia ilikuwa ndefu. Lakini Sumayiya hakulitoa jibu lile. Aligeuka akamtazama Nangila, bila chuki, kama mtu anayempisha mwenzake mlangoni.

"Mimi," Nangila akasema.

Rukiah akabaki na kidole juu ya mstari. Kisha akateremsha kidole mstari mmoja na kusoma kilichoandikwa, bila kuongeza wala kupunguza: "'Hata hivyo umefika,' Bwana Mvua akasema."

Sumayiya akafunua kawa. Mvua ikapanda, yote, ya mji mzima, nyembamba na bila kelele, ikapita katikati ya maturubai ya soko na kwenda zake, na hakuna nyanya iliyolowa. "Nimekurudisha kama nilivyokupokea," akasema. "Asante kwa kila tone." Akambusu Rukiah mkono. Sinia akaondoka nalo, kwa sababu lilikuwa la bibi yake. Rukiah aliposoma neno la mwisho, mkeka ulikuwa na alama mbili za nyayo zenye maji, na zilikauka kabla hajavua miwani.

Wanawake walirudi kwa wateja wao. Chini ya kitanda cha Rukiah vitabu zaidi ya mia tatu vilikuwa bado vinaishia kwenye kuku, na ndani ya kila kimoja Sumayiya alikuwa bado ameinua mguu. Mikunjo ya kuvimalizia haikuwepo, na Barabara ya Nasser hakuna aliyekuwa na nia ya kuichapa. Shuleni, wale waliocheka hawakuambiwa lolote. Nangila aliyajua hayo yote alipoinuka kuaga, na bado alisema asante, kwa sababu ndicho kitabu cha kwanza alichopata kujua mwisho wake.

"Ngoja," Rukiah akasema.

Akaazima kalamu kwa muuza mkaa. Akafungua ukurasa wa mbele, ule wenye jina la mwandishi na la kiwanda. Aliandika polepole, kwa mwandiko wa ubaoni, na alipomaliza hakumpa jirani asome kwanza. Akamgeuzia Nangila kitabu. Chini ya jina lake mwenyewe alikuwa ameandika: Kimeshonwa na Nangila, mara mbili.